Nyani Hazaliwi Mwizi

Wenzangu wa maombi hapa Kikopey husema nyani ni mwizi kwa asili, ndivyo Mungu alivyomuumba. Mimi ni mzee wa kanisa na mkulima wa mahindi, na kauli hiyo siikubali.

Shamba letu limo katika iliyokuwa ranchi ya Kekopey, karibu na Gilgil. Mtafiti Shirley Strum alipoanza kulifuata kundi la nyani la Pumphouse mwaka 1972, hapa palikuwa pa ng'ombe na swala, na nyani walikula nyasi, mizizi na matunda ya mwitu. Ranchi ilipouzwa, wakulima wakaingia na mahindi yakapandwa. Ndipo kundi likagawanyika: baadhi wakazoea mashamba, wengine wakabaki na vya porini. Wale wa mashambani watafiti wakawaita Wabaya. Lakini wote walitoka kundi moja. Mwaka 1984 Strum aliwahamishia nyani hao Laikipia, wakalazimika kujifunza vyakula vipya.

Nyani wengine wangalipo hapa, nami nimemwona mtoto wa nyani ukingoni mwa shamba akisogeza pua mdomoni mwa mamaye aliyekuwa akitafuna hindi bichi. Alinusa, akaokota punje zilizodondoka, naye akatafuna. Hivyo ndivyo wanavyojifunza wao kwa wao.

Na mafunzo hayo hayaishii kwa mtoto mmoja. Huko Amboseli, nyani waliokula mabaki ya hoteli walinenepa na kukomaa mapema kuliko wenzao wa porini. Nyani jasiri huenda akashiba na kuzaa wengi, au akauawa kwa mkuki. Vyovyote vile, mazingira tuliyoyatengeneza ndiyo yanayoamua nani aache uzao, na tabia iliyoanza kwa kuiga yaweza, vizazi vikipita, kuingia katika damu.

Kitabu cha Mwanzo kinatupa mamlaka juu ya wanyama. Mwenye mamlaka huulizwa. Mungu alimpa nyani uwezo wa kujifunza. Cha kujifunza tumemwekea sisi. Abiria anayerusha ndizi dirishani katika barabara ya Nakuru anamfundisha kiumbe huyo kumfuata binadamu, halafu mwenye shamba ndiye anayembebea mkuki.

Mimi bado nawafukuza, maana mahindi yale ndiyo karo ya wajukuu. Ila siwezi kumhukumu nyani kwa niliyomzoeza. Ombi langu kwa kanisa ni hili: kabla ya kumsihi Mungu atuondolee nyani, tufukie taka zetu na tukome kuwarushia chakula.