Pampu ya Insulini na Ruhusa ya Kula

Mgonjwa wa kisukari wa Ziba, mkoani Tabora, akipata pampu ya insulini, je, ruhusa yake ya kutofunga Ramadhani imekwisha? Naona haijaisha. Aya ya 184 ya Sura al-Baqara inawataja pamoja mgonjwa na msafiri kuwa wenye ruhusa hiyo, na pampu haimponyi mtu. Inaingiza chini ya ngozi insulini ya muda mfupi, kidogo kidogo, usiku na mchana. Mrija ukiziba, mwilini hakuna akiba, na ndani ya saa chache damu yaweza kujaa asidi. Ndiyo maana anayejiandaa kuivaa hufundishwa kukadiria wanga wa ugali na viazi, kupima sukari mara kwa mara na kuweka bomba la sindano karibu. Anayeyaita maandalizi hayo upungufu wa tawakali simwelewi.

Hoja nzito ni nyingine: kifaa hupunguziwa dozi saa za mfungo, basi udhuru uko wapi? Kweli, wapo wanaofunga salama kwa ushauri wa daktari, na wanazuoni wengi wanasema insulini haibatilishi saumu. Lakini kuweza kwa hadhari si kulazimika. Asiyetarajia kupona hulisha maskini kwa kila siku aliyokula, jambo ambalo Ziba ni jepesi kuliko kununua pampu.