Jina la Kuazima

Katika michezo ya shule na vyuo vya Tanzania liko neno moja litajwalo karibu kila mwaka, nalo ni mamluki. Maana yake uwanjani ni mchezaji asiye mwanafunzi wa chuo akichezeacho, aliyeingizwa kwa siri ili timu ipate kushinda. Walioshindwa hulitamka kwa hasira, na walioshinda hulicheka. Nataka kuuliza: chuo kikishinda kwa miguu ya mtu asiye wake, ni nani aliyeshinda? Na ikiwa pana kosa, aliyekosewa ni nani?

Yamkini msomaji ataona kuwa swali hili ni dogo. Mpira ni mchezo, na kikombe cha bati hakimlishi mtu. Walakini mambo madogo yana faida moja kwa atakaye kufikiri: hayatutishi. Udanganyifu wa mambo makubwa hujificha nyuma ya hesabu na mihuri. Udanganyifu wa mpira huchezwa dakika tisini mchana kweupe, mbele ya watu wanaopiga makofi.

Yafaa kwanza tujue timu ya chuo ni kitu gani. Simba na Yanga husajili wachezaji kutoka Ghana, Kongo na Zambia, wala hapana anayedanganyika. Shabiki hufurahi zaidi mgeni akiwa hodari. Timu ya chuo haiwezi kufanya hivyo. Msimu wake huanza vyuo vifunguliwapo, yapata Oktoba au Novemba, mwalimu wa timu awajaribupo vijana wa mwaka wa kwanza. Hufuata mechi za vitivo, hukatizwa na mitihani, kisha huja safari za kukutana na vyuo vingine. Shahada nyingi ni za miaka mitatu. Kwa hiyo kila mwaka sehemu kubwa ya timu huondoka, hata iwe imefunzwa vema kiasi gani, na mwalimu huanza upya. Kwa mwalimu hii ni taabu, lakini ndiyo thamani ya timu yenyewe. Chuo kipelekapo vijana kumi na mmoja uwanjani hutoa ushahidi, kikisema: hawa ndio wakaao madarasani mwetu, na huu ndio uwezo wao. Akiwamo mgeni kati yao, mabao yaweza kuwa ya kweli na ushahidi ukawa wa uongo.

Sasa tumfikirie kijana mmoja wa Bahi. Wilaya hiyo iko magharibi ya mji wa Dodoma, katika njia ya Reli ya Kati. Mto Bubu humwaga maji yake katika bwawa la Bahi, na maji yale hayana njia ya kwenda baharini. Mwaka wa mvua watu hulima mpunga na kuvua samaki, na mwaka wa ukame hubaki tope lililopasukapasuka. Wilaya hiyo ilianzishwa mwaka 2007, mwaka uleule Chuo Kikuu cha Dodoma kilipoanzishwa, na kutoka mjini ni mwendo wa saa moja kwa basi. Kijana wetu hakufaulu mtihani wa kidato cha nne. Hulima pamoja na mjomba wake, na jioni hucheza mpira katika kiwanja cha vumbi. Siku moja timu ya chuo, sitaki kusema chuo gani kwa kuwa chaweza kuwa chochote, yaja kucheza mechi ya kirafiki, naye awapita mabeki wake kama apitaye mlango ulio wazi. Baada ya mechi aitwa pembeni. Aahidiwa posho, viatu na chakula, tena apewa kitambulisho cha mwanafunzi aliyeumia goti. Picha yafanana naye kidogo; hapana atakayeitazama sana. Kwa msimu mzima ataitikia jina lisilo lake.

Ni nani aliyekosewa? Watu husema ni wapinzani, nao wasema kweli. Wengine humtaja mwanafunzi aliyefanya mazoezi mwaka mzima akaishia kukaa benchi, nao pia wasema kweli. Lakini wako wenye hoja nzito zaidi, ambayo haifai kudharauliwa: kijana yule amefaidika. Amekula vizuri, amevaa viatu, ameusikia umati ukishangilia; ni nani tuliye na shahada zetu hata tumnyime furaha ya msimu mmoja? Hoja hii nimeisikia kwa watu wema, na huruma iliyomo si ya uongo.

Jibu lake nadhani limo katika neno lenyewe. Mamluki latokana na Kiarabu, nalo ni ndugu wa milki na kumiliki. Maana yake ya asili ni mtu aliyemilikiwa. Mamluki wa kale walikuwa watumwa walionunuliwa wangali vijana wakafunzwa vita, na mwaka 1250 wakaitwaa Misri, wakaitawala hata mwaka 1517. Katika Kiswahili cha siku hizi neno limegeuka likawa askari wa kukodiwa, kama wale walioongozwa na Mfaransa Bob Denard kuipindua serikali ya Ali Soilihi huko Komoro mwaka 1978. Tumelifanya kuwa tusi la mtu ajiuzaye kwa hiari yake. Asili ya neno ilikuwa na haki zaidi, maana ilimwonyesha mwenye mali nyuma ya mali. Tumwitapo kijana wa Bahi mamluki kwa dharau, twamlaumu aliyemilikiwa na kumwacha mmiliki akipokea kikombe.

Wala lawama hiyo haishii vyuoni. Mwaka 2005 timu ya vijana wa Tanzania walio chini ya miaka 17 ilikwisha kufuzu kwenda fainali za Afrika nchini Gambia; ikaondolewa kwa sababu ya umri wa mchezaji mmoja, na nafasi yake ikachukuliwa na Zimbabwe. Mwaka 2016 mambo yaligeuka. Serengeti Boys waliwashinda Kongo Brazzaville mabao 3 kwa 2 nyumbani, wakafungwa 1 kwa 0 ugenini, wakatolewa kwa kanuni ya bao la ugenini. Kisha Kongo wakaondolewa, kwa kuwa mchezaji wao hakufika kupimwa umri, nasi mwaka 2017 tukaenda Gabon, tukatoka sare na Mali, tukaishinda Angola, tukafungwa na Niger. Mwaka ule tuliisifu sheria. Ni sheria ileile iliyotuumiza mwaka 2005, ambapo hasara iliwaangukia wenzi wa mchezaji yule, vijana waliokwisha kuipata safari yao kwa jasho.

Umri una shahidi wake. Tangu Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 la mwaka 2009, FIFA hupima mifupa ya kifundo cha mkono. Lakini hapana mfupa uonyeshao kama mtu ni mwanafunzi. Hapo hatuna kipimo ila ukweli wa watu: msajili, mwalimu wa timu, wachezaji wenzake, na sisi wahadhiri ambao hukaa jukwaani na kumwona mfungaji tusiyepata kumwona darasani hata siku moja. Kimya chetu husaidia kumficha.

Hivyo naona aliyekosewa kuliko wote ni kijana mwenyewe, na kosa lenyewe si kwamba aliingizwa chuoni, bali kwamba hakuingizwa. Alikaa miezi ndani ya ua wa chuo, akalala katika bweni lake, akala katika bwalo lake, na hapana aliyemwuliza kama angependa kurudia mtihani wake, wala aliyemwambia kuwa viko vyuo vya maendeleo ya wananchi vilivyoanza mwaka 1975 kwa ajili ya watu wasiopata nafasi ya kuendelea na masomo. Kumwuliza kungalikuwa kukiri kwamba yupo. Sifa zote alizopata zilikuwa na sharti moja, asiwe yeye. Akifunga bao, jina lililoimbwa ni la mwenye goti bovu. Na lau angalivunjika mguu, ni jina lipi lingaliandikwa hospitalini?

Msimu ukiisha hurudi Bahi kwa basi, wakati mwingine bila viatu, kwa maana viatu ni mali ya chuo. Picha ya timu hutundikwa ofisini pamoja na kikombe. Yeye amesimama mstari wa nyuma, wa pili kutoka kushoto, na chini yake limeandikwa jina la mtu ambaye siku ile alikuwa amelala bwenini, goti lake limefungwa bendeji.