BAADA YA BONANE: SIKU YA KAZI INA UZITO GANI MBELE YA MUNGU?



Noeli imepita, na Bonane imepita. Kuku wameliwa, soda zimekwisha, kitenge kipya kimefuliwa na kukunjwa ndani ya sanduku. Wageni waliokuja kwetu Lubumbashi wamepanda magari kurudi Likasi na Kolwezi. Watoto wanatafuta madaftari yao chini ya kitanda. Baba anahesabu franka zilizobaki, na hesabu haitoki. Katika kila mtaa tunasikia neno moja: "Maisha yamerudi palepale."

Sisi mashemasi tunaotembelea nyumba za waamini tunalisikia neno hilo mara nyingi, tena linasemwa kwa uchungu, kama mtu aliyetolewa mahali pazuri na kurudishwa kifungoni. Ndiyo maana tunataka kuuliza swali hili: Je, siku ya sikukuu ina uzito kuliko siku ya kazi mbele ya Mungu? Je, mtu anaishi kweli siku chache tu kwa mwaka, na zile nyingine anazivumilia? Swali hili si dogo. Mwaka una siku 365, na sikukuu zake unaweza kuzihesabu kwa vidole. Anayesema kwamba siku za kawaida ni bure, amesema kwamba karibu uhai wake wote ni bure.

NANI ALIFANYA KAZI SIKU YA SIKUKUU?

Kwanza tuangalie vizuri jambo lenyewe. Katika nchi yetu mwezi wa kwanza una siku nyingi za kupumzika. Tarehe 1 ni Bonane. Tarehe 4 tunawakumbuka mashahidi wa uhuru, waliokufa Léopoldville mwaka 1959. Tarehe 16 tunamkumbuka Rais Laurent-Désiré Kabila, aliyeuawa mwaka 2001, na tarehe 17 Patrice Lumumba, aliyeuawa hapa Katanga mwaka 1961. Mwenye mshahara wa mwezi anaweza kupumzika siku hizo zote. Lakini mama anayeuza nyanya na mboga sokoni, asipouza leo, jioni hakuna unga wa bukari nyumbani. Na shamba halijui kalenda. Mahindi yaliyopandwa mvua ilipoanza, mwezi wa 11 au wa 12, yanadai palizi wakati huu huu. Majani hayakungoja watu wamalize kuimba.

Kumbe kazi haikusimama hata siku moja. Kuna mlinzi aliyekesha langoni usiku wa tarehe 31. Kuna muuguzi aliyepokea mtoto usiku wa Noeli. Kuna dereva aliyewaleta wageni. Na zaidi ya wote kuna mama wa nyumba, aliyeamka kabla ya jogoo kutwanga sombe na kuwasha makala, akakaa mwisho baada ya watu wote kushiba. Kwao hao sikukuu ilikuwa siku ya kazi, tena kazi kubwa. Tukisema kwamba siku ya kazi haina uzito, tunasema kwamba jasho lao halina uzito, na hali tumekula matunda yake.

MARUDIO MATATU KATIKA INJILI

Tena Injili yenyewe, inapotueleza kuzaliwa kwa Bwana na utoto wake, haiishii kwenye sikukuu. Inatueleza pia jinsi watu walivyorudi nyumbani.

Wa kwanza ni wachungaji (Luka 2:20). Walimwona mtoto, halafu wakarudi. Walirudi wapi? Kwa kondoo zao, kwenye baridi ile ile na usiku ule ule. Hakuna neno linalosema kwamba walipewa kazi nyingine iliyo bora. Lakini walirudi wakimsifu Mungu. Kazi haikubadilika, waliobadilika ni wafanyakazi.

Wa pili ni wale wataalamu kutoka mashariki (Matayo 2:12). Wao walirudi katika nchi yao kwa njia nyingine, maana walionywa wasirudi kwa Herode. Nyumba ni ile ile, njia ni nyingine. Hapa tunajifunza kwamba kurudi nyumbani si lazima kurudia kila kitu cha zamani. Kuna mlango ambao mtu alizoea kuupitia kila jioni kabla ya Noeli, na moyo wake unamwonya kwamba mlango huo unaelekea kwa Herode. Anaweza kurudi kazini bila kuurudia.

Wa tatu ni Yosefu na Maria (Luka 2:41-51). Walikwenda Yerusalemu kwa sikukuu ya Pasaka, Yesu akiwa na miaka 12. Sikukuu ilipokwisha, wakashika njia. Walitembea siku nzima wakidhani kwamba mtoto yuko katika msafara, pamoja na ndugu na jamaa. Hakuwako. Ndugu zetu, tuangalie vema: hawakumkosa wakati wa sikukuu. Walimkosa njiani, wakati wa kurudi, kwa sababu kila mmoja aliweza kudhani kwamba mwingine anaye. Ilibidi warudi nyuma wamtafute, na walimwona baada ya siku tatu.

Hapo ndipo penye hatari ya mwezi wa kwanza. Siku ya Noeli majirani waliokuwa hawasemezani walipeana mikono. Ndugu waliogombania kiwanja cha marehemu baba yao walikula sahani moja. Mume alimshukuru mke wake mbele ya watu. Vyote hivyo ni vya kweli, havikuwa mchezo. Lakini tarehe 10 au 15, katika haraka ya kutafuta pesa na usafiri, kila mmoja anadhani kwamba amani ile bado iko mahali fulani katika msafara. Baba anadhani mama anayo, mama anadhani wazee wa kanisa wanayo. Kumbe wameiacha nyuma mwendo wa siku nzima.

Na mwisho wa habari hiyo ni upi? Yesu alishuka pamoja nao mpaka Nazareti, akawatii. Toka miaka 12 mpaka alipoanza kuhubiri, akiwa na miaka kama 30, ni miaka 18 hivi ambayo Injili karibu haisemi kitu. Tunajua tu kwamba watu walimwita seremala (Marko 6:3). Miaka 18 ya mbao, vumbi na wateja! Kama siku ya kazi ingekuwa haina uzito, je, Mwana wa Mungu angetumia ndani yake sehemu kubwa ya maisha yake duniani?

Na sisi Waafrika tunao mfano wa karibu. Nabii Simon Kimbangu alianza kazi yake mbele ya watu kule Nkamba tarehe 6 mwezi wa 4, mwaka 1921, na mwezi wa 9 mwaka ule ule akakamatwa. Ni miezi mitano tu ya makundi ya watu na nyimbo. Baadaye aliletwa huku kwetu, katika gereza la Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, akakaa humo mpaka alipofariki tarehe 12 mwezi wa 10, mwaka 1951. Ni miaka 30 ya kuamka katika kuta zile zile, karibu siku 11.000. Kama siku kubwa tu ndizo zenye uzito, basi miezi mitano ilikuwa kila kitu na miaka 30 ilikuwa bure. Lakini hakuna mwamini anayesema hivyo. Mti uliopandwa kwa miezi mitano ulitia mizizi katika miaka ile 30.

WENGINE WATATUULIZA

Wengine watasema: "Shemasi, mnataka kutunyima furaha. Kama kila siku ni sawa, sikukuu ni ya nini?" Hapana, wapendwa. Sikukuu ni mgeni mwema, na mgeni lazima apokelewe vizuri. Lakini wazee walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawakusema mfukuze. Walisema mpe jembe, yaani aingie katika maisha ya nyumba, alime pamoja na watu wa nyumba. Furaha ya Noeli nayo tuipe jembe. Iende sokoni, iende ofisini, iende mgodini. Ikishindwa kushika jembe, haikuwa furaha ya Bwana, ilikuwa kelele ya muziki.

Wengine watauliza juu ya deni: "Je, ni dhambi kukopa ili watoto wavae na kula siku ya Bonane?" Sisi hatutaki kumhukumu mzazi aliyetaka kuona mtoto wake akicheka. Lakini tunatoa kipimo kimoja: nani analipa furaha ile? Kama baba anailipa kwa jasho lake mwenyewe, hayo ni mambo yake. Lakini kama inalipwa na binti wa sekondari anayefukuzwa darasani kwa kukosa malipo ya shule, au na mama ambaye pesa zake za kununua gunia la makala zimenywewa, hapo sikukuu imeiba siku ya kazi. Tangu mwaka 2019 shule za msingi za serikali zinafundisha bila malipo, lakini sekondari bado inadai, na daftari na viatu vinadai. Furaha ya siku moja isiyofikiri siku ya kesho ni furaha iliyochukuliwa mfukoni mwa mwingine.

Na wengine watatuuliza swali lililo zito kuliko yote: "Ninyi mnasema turudi kazini. Mimi sina kazi. Nirudi wapi?" Ndugu, hatutakudanganya kwa maneno matamu. Kwako mwezi wa kwanza ni mgumu kuliko kwa wengine, kwa sababu siku ya sikukuu watu wote walikaa bila kazi, ukafanana nao. Sasa wao wanatoka asubuhi, wewe unabaki. Hapa jibu si la kwako peke yako, ni letu sote. Mwenye kazi anayelalamika kila asubuhi mbele ya jirani asiye na kazi, anamwumiza bila kujua. Na kanisa linalojua kuita watu kula pamoja tarehe 25 mwezi wa 12, lijue pia kuita watu tarehe 25 mwezi wa kwanza: huyu ana shamba lisilopaliliwa, yule ana mikono miwili, huyu ana gari la kutengeneza, yule ni fundi. Wala tusisahau kwamba mtu asiye na mshahara anaweza kuwa na kazi: anayeteka maji kwa ajili ya bibi mgonjwa, anayefundisha watoto wa mtaa kusoma, Mungu hamwandiki kati ya wavivu.

BASI TUFANYE NINI?

Tunashauri mambo matatu. Kwanza, kila nyumba ikae jioni moja kabla mwezi huu haujaisha, ijiulize: tumekosa nini njiani? Ni amani na nani? Ni ahadi gani? Yosefu na Maria hawakuona haya kurudi nyuma, wala sisi tusione haya kubisha tena kwa jirani. Pili, wale waliofanya kazi siku ya sikukuu wapewe mapumziko yao sasa. Baba na vijana washike chungu na ufagio hata siku moja, mama akae, ahudumiwe. Tatu, asubuhi kabla ya kutoka, tuombe kwa ajili ya kazi ya siku ile kwa jina lake: kilo za unga, ukurasa wa hesabu, tofali, mgonjwa wa chumba cha pili. Anayeombea tofali hawezi kulipanga ovyo.

Amri ya Mungu juu ya siku ya kupumzika inataja pia siku sita za kufanya kazi (Kutoka 20:9). Zote saba zimo katika amri moja. Aliyetupa ya saba ndiye aliyetupa zile sita, na hatazipima kwa mizani mbili.

Wapendwa, maisha hayakurudi palepale. Sisi ndio tuliorudi, na inategemea tumerudi na nani. Bwana aliyeshuka pamoja na wazazi wake mpaka Nazareti ashuke pamoja nasi mpaka Kenya, Katuba, Kamalondo na Ruashi, na katika kila mtaa ambako kesho asubuhi mtu atafungua mlango wake akaenda kazini. Amina.