Anayenunua na Akumbukwe

Katika karne ya kwanza baada ya Kristo, fundi mmoja aliyeitwa Ennion alipuliza kioo cha moto ndani ya kalibu iliyochongwa jina lake kwa Kigiriki, hivyo chombo kikatoka tayari na sahihi. Baadhi ya vyombo vyake vina maneno zaidi: anayenunua na akumbukwe. Fundi anajitaja, kisha anamwombea heri mteja asiyemjua. Sijui tangazo la biashara lenye utu kuliko hilo.

Kabla ya ufundi wa kupuliza, kioo kilikuwa cha wakubwa. Mafundi wa pwani ya Shamu walipotambua, katika karne ya kwanza KK, kwamba kioo kilichoyeyuka hupulizika kwa bomba, bei ikaanguka. Strabo, mwanajiografia wa Kigiriki, aliandika kwamba mjini Roma kikombe cha kioo kilipatikana kwa sarafu ya shaba. Mchanga na magadi ya Misri vikawa bilauri na vichupa vya manukato hata kwa watu wa kawaida. Periplus, mwongozo wa wafanyabiashara wa zama hizo, unataja vito vya kioo miongoni mwa bidhaa zilizoletwa hadi pwani yetu.

Wapenzi wa vyombo hivi husifu zaidi zile rangi za upinde wa mvua zinazochezacheza juu yake. Fundi hakuzitia. Kwa karne nyingi unyevu wa udongo huvuta magadi kutoka kwenye uso wa kioo, zikabaki tando nyembamba zilizolaliana, na mwanga ukizigusa hugawanyika. Uzuri huo ni kuoza kwa kioo chenyewe, nami naupenda hivyo hivyo. Anayesugua chupa ing'ae anafuta miaka elfu mbili kwa kitambaa.

Lakini udongo huo uko mahali fulani, mara nyingi kaburini. Huko Apamea, Syria, picha za setilaiti zilionyesha uwanja mzima uliotobolewa mashimo na waporaji baada ya vita kuanza mwaka 2011. Kichupa kilichofukuliwa usiku kimenyang'anywa kaburi lake na wenzake waliozikwa nacho. Hakuna mtaalamu atakayekirudishia hayo. Kwa hiyo ukitaka kununua kichupa, muulize muuzaji kimetoka wapi, na kama karatasi zake ni za kabla ya mkataba wa UNESCO wa 1970 dhidi ya biashara haramu ya mali za kale. Akibabaika, ondoka, hata kama bei ni nafuu na moyo umeshapenda.

Nawe uliyenunua kwa haki, andika ulikipata kwa nani na mwaka gani, uweke karatasi hiyo pamoja na kichupa. Atakayekirithi naye ataulizwa.