Nasaha kwa fundi asiye na kazi mkononi

Mafundi wenzangu wa cherehani, kuna tabia imeshamiri kwenye vibaraza vya Kariakoo, na imenichosha. Fundi akishamaliza kushona na kulipwa, mteja kasahaulika. Miezi inapita kimya. Siku kodi ya fremu inapobana, ndipo simu inapigwa: "Mama, mambo vipi, huna kazi yoyote?" Hiyo si adabu. Mtu mzima huamkiwa kwanza, akajuliwa hali yake na ya watoto, na kwa siku hiyo salamu ikatosha. Kazi itakuja na siku yake.

Wapo wanaojitetea kwamba kizuri chajiuza. Haya, lakini mitaani kwetu mafundi tuko mlango kwa mlango, na mteja akishuka mwendokasi pale Msimbazi hushawishiwa na wengi kabla hajakufikia. Asiyekuwepo na lake halipo.

Tena majira ya kazi yetu yanajulikana. Shabani ikiingia, mwandikie: "Shikamoo mama. Mfungo unakaribia. Kama kuna nguo za Idi, leta kitambaa mapema, vipimo vyako vya mwaka jana ninavyo." Ujumbe huo unamfaa yeye kuliko wewe, kwa sababu likifika kumi la mwisho la mfungo mafundi wote tumeelemewa, na anayeleta kitambaa siku hizo huambulia mshono wa kulipua. Lakini utamwandikiaje kama daftari lake ulishalifungia maandazi? Daftari la vipimo halitupwi, wanangu. Andika kifua, kiuno, nyonga, urefu wa mkono, na tarehe. Pembeni ongeza na habari zake: binti anaolewa, mzee anaumwa, ukoo unataka sare. Mwenye daftari la namna hiyo hakosi la kumuuliza mtu. Na mteja akirudi amenenepa, utajua pa kuachia bila kumtangazia mwili wake mbele ya wapita njia.

Usipige simu usiku.

Usibadilishe laini kila mara ukategemea watu wakutafute.

Kuna siku ambazo biashara haitajwi kabisa. Soko kuu la Kariakoo lilipoungua Julai 2021, na ghorofa lilipoporomoka hapahapa Kariakoo Novemba 16, 2024, wengi wa wateja wetu walikuwa na maduka humuhumu. Siku kama hizo unauliza kama mtu yu salama, basi. Mteja akifiwa, nenda ukampe pole. Ukishindwa, tuma rambirambi, hata iwe ndogo. Kijana mmoja niliyemfundisha kazi mwenyewe alimtumia mama aliyekuwa matangani picha za mishono mipya. Mama yule hakurudi kwake, wala kwangu hakurudi, maana alijua nani aliyemlea. Jambo hilo linaniuma hadi leo.

Picha za wateja nazo. Dada amekuja kujaribu gauni, umempiga picha, jioni yuko kwenye stetasi yako ya WhatsApp na bei chini yake. Nani alikuruhusu? Nchi hii ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata kabla ya sheria hiyo mwili wa mtu ulikuwa na heshima yake. Omba ruhusa, akikataa, shukuru na unyamaze. Namba yake pia si ya kumgawia muuza vitambaa jirani yako.

La mwisho sitalipamba. Ahadi ni deni. Kazi ikichelewa, piga simu wewe kabla hujapigiwa, sema ukweli, taja siku nyingine na uitimize. Fundi anayepokea kianzio kisha akaanza kukata simu za mteja ni mwizi, simtafutii jina jingine, na asijidanganye kwamba salamu za Idi zitamsafisha.

Kama leo mashine yako imelala, fungua daftari, chagua watu wawili uliowashonea zamani, wasalimie, na usiwaombe chochote.