Ukarimu wa nani, chungu cha nani?

Je, Mkristo aliyebakiwa na ugali wa muhogo wa usiku mmoja anadaiwa nini na mgeni aliyebisha hodi? Kanisani jibu ni jepesi: karibisha. Lakini huku Olumbi swali haliishii hapo, maana mlangoni anasimama mmoja na jikoni anasimama mwingine.

Vita ilianza Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017. Mwaka 2020 majahazi yalikuwa yanashusha watu ufukweni Paquitequete, kule Pemba. Palma iliposhambuliwa tarehe 24 Machi 2021, watu walikimbilia Quitunda, wengine porini, wengine baharini. Na wengi wa waliokimbia katika Cabo Delgado hawakulala kwenye mahema ya kambi. Walilala kwenye nyumba za watu, Waislamu na Wakristo, ambao wenyewe walikuwa na shida zao. Kwa hiyo ukarimu si somo geni kwetu.

Lakini jamani, tuseme ukweli. Baba anasema "karibuni, hapa ni kwenu", anasifiwa. Anayeongeza maji kwenye mchuzi ni mama. Anayechota maji ya watu kumi na wawili badala ya sita ni binti, na shule anachelewa. Chakula kikipungua, anayelala na njaa ni yule yule aliyepika. Ukarimu unaolipwa na mtu ambaye hakuulizwa, huo ni ukarimu wa nani?

Nafanya kazi na vijana, na wanaoniuliza hivyo ni wasichana. Huwa nawarudisha kwa mjane wa Sarepta, katika Wafalme wa Kwanza. Tumezoea kuhubiriwa kwamba alitoa cha mwisho na Mungu akamwongezea. Sawa. Ila tazama: Eliya alimwomba mwenye unga mwenyewe. Naye mama hakuona haya, alimwambia wazi kwamba kilichobaki ni kidogo, cha kupika yeye na mwanawe. Ukweli kuhusu chungu ulitangulia, ndipo mkate ukafuata.

Wapo wanaosema ukianza kuhesabu umepoteza imani. Mimi sioni hivyo. Kuhesabu si kunyima. Anayengoja mgeni alale ndipo apike, huyo ndiye amefunga mlango, hata kama mchana alisema karibu. Afadhali mgeni ajue unga umebaki kopo mbili, ale kidogo pamoja nanyi, na kesho ashike jembe au wavu. Ule msemo wa kumpa mgeni jembe siku ya tatu, wengine wanauona mkali. Kwangu ni heshima: jembe linamtoa kwenye ugeni, linamfanya mwenye nyumba. Mzee, mgonjwa na mzazi wa juzi hao hawadaiwi jembe.

Ndugu zetu wa mashirika, mnapoandika orodha ya waliokimbia, muulizeni pia aliyewapokea. Mkimruka, mnagombanisha watu waliokuwa wanakula sahani moja.

Na sisi waumini, kabla ya kusema karibu, tuulize jikoni. Mama akisema "leo hatuwezi", asionekane mwenye roho mbaya. Hapo ndipo jumuiya inatakiwa: mgeni alale nyumba hii, ale nyumba ile, na maji yachotwe na vijana wa kiume pia. Mgeni ni wetu sote, basi na mzigo wake uwe wetu sote.