Siku Zile Kabla ya Hedhi



Mume anarudi jioni, anaulizia chakula, na mkewe anamjibu kwa ukali au anaanza kulia. Mume anawaza, "Hanipendi tena." La hasha! Kwa wanawake wengi, wiki moja au mbili kabla ya hedhi, homoni hubadilika mwilini. Huja uchovu, maumivu ya matiti, hasira na huzuni. Damu ikianza, hali hiyo hutulia baada ya siku chache.

Mtume Petro anawataka waume wawafahamu wake zao na kuwaheshimu (1 Pet 3:7). Ninyi mnaofuata njia ya Billings mnayo chati tayari. Wewe mume, isome pia kwa ajili hii. Siku hizo zikikaribia, chota maji, waogeshe watoto, ahirisha mabishano ya karo. Lakini usimwambie kamwe, "Ni zile siku zako!" Huko ni kumdharau, na huenda lalamiko lake ni la haki.

Nawe mama, mweleze mumeo mapema. Ukimuumiza kwa maneno, omba msamaha. Huzuni ikizidi, mwoneni daktari pamoja.

Siku ya arusi mliahidiana uaminifu katika taabu na raha. Mungu awasaidie kuutimiza.